Pole Moja na Pole Mbili

Baba Lornah,

Chai iko kwa chupa. Mkaangie Oduor mayai, na asitoke bila sweta. Raba zangu nimezipata nyuma ya mtungi wa gesi. Siku nyingine ukitaka kunificha kitu, usikiweke jikoni.

Mkiwa bado mmelala nimezivaa nikatoka. Nimetembea dakika tano, nikakimbia moja, vile daktari alisema, mpaka kwa mama mboga na kurudi. Kifua kimetulia.

Najua uliogopa. Lakini tangu nimonia, wiki sita sasa, kila mtu hapa ananiambia pole. Nikikohoa, pole. Nikiinua sufuria, pole. Nimechoka nayo. Leo nimempita Were, soja wa geti, nikikimbia, akaniita kwa nyuma: “Polepole, mama.” Nimecheka mpaka kwa kona. Pole moja ni ya mgonjwa. Pole mbili ni ya mtu anayeenda mbio.

Sasa naenda kazini.

~~Kesho usinifuate.~~ Kesho saa kumi na mbili vaa raba zako twende pamoja. Ukichoka nitakuambia pole. Moja tu.

Mama Lornah