Majibu Niliyokupa Mezani kwa Mama

Fort Worth, Texas
18 Februari 2020

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Florent,

Shikamoo, Yaya. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Pearland, wewe na shemeji Alida, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kusukuma vitanda vya wagonjwa umepata nafuu. Sisi hapa tu wazima. Mama amehamishiwa zamu ya asubuhi pale ghalani, na miguu haimvimbi tena kama mwaka jana. Mdogo wetu Élodie anarefuka, na bado ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu huwa unanikatiza, nami huwa nakuacha.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Tangu Ijumaa ya tarehe kumi Januari nilijua kwamba mpango wako wa kuniepusha na jeshi hauna maana, na nikanyamaza. Nilikuacha uendeshe gari saa nne kuja huku, na saa nne kurudi, kwa ajili ya kitu ambacho nilikwisha kusoma kwamba hakipo. Acha nilieleze lote kwa mpangilio, maana nasikia unavyolisimulia kwa watu wa Houston, hapo jirani yenu, na wanaolisikia wanacheka.

Unakumbuka wiki ile ya kwanza ya mwaka, baada ya Wamarekani kumuua jenerali wa Iran, shuleni hapakuwa na habari nyingine. Wavulana wa darasa langu walikuwa wakitaniana nani atakufa wa kwanza. Kila mwanaume anayefikisha miaka kumi na minane katika nchi hii lazima aandikishe jina lake, ili vita ikizidi waweze kumwita, hata kama ni mkimbizi. Mimi nilikuwa nafikisha umri huo tarehe kumi na mbili Februari. Mama aliposikia hakula siku mbili. Wewe unajua kwa nini: mdogo wake Nestor alichukuliwa sokoni Lusenda na watu wenye bunduki akiwa na miaka kumi na sita, na walichorudisha ni kandambili zake. Kwa Mama, jina likiandikwa kwenye orodha ya askari, mtoto amekwisha kwenda.

Ndipo ulipopiga simu na dawa yako. Mzee mmoja wa kazini kwako alikuwa amekwambia kwamba zamani, wakati wa vita ya Vietnam, kijana aliyesema yeye ni shoga alirudishwa nyumbani. Ulimwambia Mama asilie, kesi hii ni rahisi kuliko ile ya kambini. Nisijiandikishe kabisa. Badala yake tutume karatasi inayosema Précieux ni shoga, iwe na sahihi ya Mama, ya Mjomba Shem na ya mchungaji. Halafu, kwa kuwa siku moja wataniita kunihoji, nifundishwe majibu.

Hapo sikushangaa. Sisi ni watu wa intavyu. Kule kambini Nyarugusu ulitukalisha mwezi mzima ukijifanya Mzungu wa HCR, wale wa wakimbizi, ukituuliza tulivuka ziwa siku gani na mlango wa nyumba yetu ulikuwa na rangi gani. Hadithi yetu ilikuwa ya kweli, lakini ulisema hata ukweli usipofanyiwa mazoezi unaanguka. Nilikuwa na miaka kumi. Nilipokosea rangi ya mlango ulinifinya sikio. Na tukapita, tukaletwa nchi hii, ndiyo maana wote tunakuamini.

Basi Jumamosi ya tarehe kumi na nane ulikuja. Tulipomaliza kula ugali na majani ya sombe ulifuta meza, ukaweka faili, ukavaa miwani ya Mama. Mjomba Shem alikaa kwenye kochi akisema leo tumepata sinema ya bure. Kwanza ulitaka nijifunze kutembea. Ulijifunga kitenge cha Mama kiunoni, ukatembea kutoka friji mpaka mlangoni ukizungusha makalio, ukaniambia nifuate. Ulinirudisha mara tatu. Mjomba alisema natembea kama fundi wa mabomba, Wamarekani hawatadanganyika, na akaniuliza kama nimeshachagua jina la kike. Élodie alicheka mpaka akakaa chini. Mama alisema jamani mwacheni mtoto, lakini naye alikuwa akicheka. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwaka uanze, kwa hiyo nilitembea.

Kisha ulikaa ukaanza maswali. Uliniuliza nilijua lini. Nilisema nikiwa na miaka kumi na mitatu, ndani ya basi la shule, kwa sababu ya mvulana aliyekaa kiti cha mbele yangu. Nilisema nilikijua kisogo chake kabla sijajua Kiingereza cha kumwomba kalamu, na alipohamia Mansfield niliumwa tumbo wiki nzima, Mama akanipa dawa ya minyoo. Uliniuliza kwa nini sikuiambia familia. Nilisema kwa sababu nasikia mnavyosema mtu wa namna hiyo anapotokea kwenye televisheni, na kwa sababu nawapenda, na nisingependa kuyasikia maneno hayo yakisemwa kwangu. Uliniuliza kama nimejaribu kuacha. Nilisema nilifunga kula siku tatu, mwezi wa Agosti, nikawaambia kwamba nafungia mitihani.

Élodie aliacha kucheka. Nadhani uliona, Yaya. Halafu Mjomba Shem akapiga makofi, akasema huyu mtoto ni hatari, kwa uongo huu angetufikisha Kanada tangu zamani. Ulinipiga bega. Ulisema hata wewe umekaribia kuamini, na kwamba vile vitabu ninavyosoma hatimaye vimefaa. Mama alisimama akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Ulipokuwa unaondoka nilikusindikiza mpaka kwenye gari. Ulinishika shingo kwa nyuma, ukaniambia nimekutisha kidogo. Ukasema, "Ingekuwa kweli, mdogo wangu, ningekuzika mwenyewe, nisingewangoja Wairani." Ukacheka, ukawasha gari, ukanipungia mkono.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani kila siku kwa mwezi mmoja. Nimejaribu kuyasikia kama utani. Ulipolipa nauli yangu ya basi la kambini kwa kubeba mifuko ya saruji Kasulu, ulinipenda. Ulipokuja na faili lile ulinipenda vilevile. Lakini najua sasa kwamba ulikuwa unamwokoa mtu mmoja huku ukiapa kumzika mwingine, na wote wawili ni mimi.

Sasa sikia. Siku ile ya tarehe kumi nilikwenda maktaba, nikasoma. Sheria ile ya mzee wa kazini kwako ilikufa zamani. Tangu miaka tisa iliyopita jeshi la nchi hii linawachukua mashoga bila kuficha. Wala kujiandikisha si kuitwa vitani. Hakuna aliyeitwa kwa nguvu tangu kabla Mama hajaolewa. Bali asiyejiandikisha hapati msaada wa serikali wa kusomea chuo, na uraia wake unaweza kukwama. Karatasi yako isingeniepusha na bunduki. Ingeninyima chuo tu. Ningeweza kukupigia simu jioni ileile.

Sikupiga kwa sababu nilitaka uniulize. Ulikuwa umesema utaniuliza maswali hayo mbele ya Mama, na mimi nilikuwa sijawahi kuulizwa. Niliona kwamba itakuwa mara moja tu katika maisha yangu ambapo ninaweza kuyasema yote mezani kwetu, na mtu asinipige. Yaya, sikujibu kama ulivyonifundisha. Yule mvulana yupo. Kisogo kipo, na dawa ya minyoo, na siku tatu za Agosti. Hakuna neno nililotunga. Mliupigia makofi ukweli wangu kwa sababu mlidhani ni uongo, na sijui kama nitawasamehe, wala sijui kama ninyi ndio mnaopaswa kunisamehe.

Nilichofanya ni hiki. Jumatano, siku niliyotimiza miaka kumi na minane, nilitoka shule nikaenda maktaba nikajiandikisha. Waliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, namba yangu na anwani. Hawakuuliza jingine lolote. Jumapili baada ya ibada nilimweleza Mama sheria ilivyo, akashukuru Mungu. Kisha nikamweleza hili jingine. Alisema alijua pale alipokwenda kuchemsha chai. Alisema kanisani wasisikie, na kwamba hataki kulizungumza tena, kisha akanisihi nisikuandikie, maana anaujua mkono wako. Nilikataa. Jumamosi hii uliyosema utarudi kukusanya sahihi, usije na faili. Ukitaka kuja, njoo ukijua unamjia nani, na ukija kunipiga, mimi si yule wa kufinywa sikio. Nitaita polisi, nawe unajua polisi wa hapa wanavyotutazama. Sikutishi. Nakueleza nitakachofanya.

Nimempa Mama barua hii aisome kabla sijaifunga, kwa kuwa nyumba ni yake. Ameisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Amesema nimesahau kumuuliza shemeji hali ya mimba, na kwamba si adabu. Basi msalimie sana shemeji Alida, Mama anauliza kama kichefuchefu kimepungua, na anasema asinyanyue vitu vizito. Élodie anawasalimu. Mama anakusalimu wewe pia, na amenitaka niandike kwamba Jumamosi atakuwa nyumbani kutwa, na mlango ataufungua yeye.

Naenda posta sasa hivi kwa miguu, kabla haijafungwa.

Mimi ni mdogo wako,
Précieux