Mkono Ulioshika Shuka

Jumapili, 9 Machi

Sikumwambia. Nilipanga kumwambia Mama leo, tukitoka jumba la sanaa, kwamba mwaka mzima umepita bila habari za kaka yangu Baraka, aliyebaki Goma, na kwamba tufanye matanga hata bila mwili.

Tulisimama mbele ya picha ya rangi za mafuta ya karne ya kumi na tisa: baba anamlilia binti yake kitandani. Mama, aliyeosha maiti za parokia miaka mingi, akasogea karibu mno.

"Huyu mutoto hajakufa. Angalia mukono, anashika shuka."

"Maman, rudi nyuma kidogo, alarme italia," akasema mlinzi, Mkongo mwenzetu.

"Ilie, donc! Labda atalamuka."

Mlinzi alicheka. Mimi nilisoma kibao cha Kifaransa: ni tukio la hadithi ya kale, binti amezimia tu, ataamka kabla ya kuzikwa. Nilipomtafsiria, Mama hakushangaa.

Tulipofika kituo cha metro cha Porte de Namur, njiani kurudi nyumbani, aliniuliza kama namba ya Baraka bado ninayo. Nilisema ninayo.

Tarehe ya matanga nilikuwa nimeiandika humu daftarini kwa penseli. Nimeifuta. Sijui kama nimefanya vizuri.