Sijapitwa na Mtu

Newala, 12 Juni 1993

Dada yangu Magdalena,

Shikamoo. Sisi wazima, na mihogo mwaka huu imekubali. Mimi hasa Mungu ananipenda kupita kiasi: mwezi wa pili huu nafanya mazoezi ya marathoni yangu ya kwanza, na sijapitwa na mtu. Hata raba za mtumba nilizochagua sokoni zimenikaa kama nilipimwa.

Kila asubuhi nashuka bondeni, kisha naupanda mlima mbio. Mkimbiaji, dada, hasikilizi miguu yake. Anatazama mgongo wa aliye mbele, anajiambia, huyo ni wangu. Mlimani nakutana na jirani yetu Mama Hamudi, anatoka kuteka maji. Jana kaniambia, "Baba Godwin, nipishe bwana, wanangu hawajanywa hata uji!" Nikacheka. Mama yule ana maneno.

Mke wangu anasema goti langu la kushoto limevimba. Wanawake mna macho makali.

Umeandika kuwa umekodi lori, uje na Lukuledi nzima kunishangilia nikishika wa kwanza. Asante, lakini lori liache. Njoo peke yako, na kitambaa kirefu cha kufungia goti. Kukimbia nitakimbia.

Mdogo wako akupendaye,
Silvano

N.B. Dada, nimekuongopea. Goti lilikataa tangu wiki ya pili, na Mama Hamudi hunipita kila siku, ndoo ya maji kichwani.