Picha Mia na Arobaini Ndani ya Seva

Kashaulili,
Mpanda.
22 Juni 2025

Mpendwa dada Amira,

Asalaam aleikum. Baridi ya Njombe imewaachaje? Kifua cha Ummy kimetulia? Shemeji Safari naye hajambo? Sisi huku ni wazima. Bibi Sauda anatembea mwenyewe hadi msikitini, na mahindi ya Kasokola yameshaingia ndani.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu. Mdogo wako Yunusi alikaribia kufukuzwa hapa redioni, na mimi ni mmoja wa waliomshuku.

Unajua yeye ndiye fundi wetu wa kompyuta. Tuna seva moja tu, yaani kompyuta kuu, na ndani yake aliunda kompyuta tatu za kufikirika, ambazo ni programu tu zinazofanya kazi kama mashine kamili: ya matangazo, ya habari na ya kuhifadhi sauti. Zote zinatumia diski moja. Tangu Aprili, ile ya habari ikawa nzito. Mahojiano ya dakika tano yalichukua dakika nne kufunguka, na mara mbili taarifa ya saa saba ilichelewa hewani.

Yunusi alipoitwa alifunga mlango, akazima kazi moja, akawasha nyingine, mambo yakawa nafuu siku mbili, kisha yakarudi. Wakati huohuo tulijua anatafuta fremu sokoni afungue ofisi yake, tukashuku anaiharibu mashine ili baadaye tumlipe kuitengeneza. Faustini, mtangazaji, alisema mbele yake, "Mashine inaumwa kila daktari akitaka kuonekana." Watu walicheka. Mimi sikucheka, lakini niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu.

Meneja wetu, mama Dorice, aliweka kikao Alhamisi cha kuamua kama abaki au aondoke. Jumatatu nilianza uchunguzi wangu. Niliandika kila saa mashine ilipokwama na Yunusi alikuwa wapi. Mara kumi na moja kati ya kumi na tano hakuwepo kabisa. Hilo halikunitosha, maana mtu anaweza kutega kitu akaondoka. Nikanakili mahojiano yaleyale kwenye flashi, nikayafungua kwenye laptopu kuukuu ya Faustini. Sekunde tatu. Basi faili halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mahali lilipokaa.

Nikamwambia Yunusi anionyeshe diski yote, mlango ukiwa wazi. Nilikaa nyuma yake na daftari.

Hapo ndipo nilipoziona picha. Masika ya mwaka juzi umeme ulikatika, tukapoteza sauti za wafugaji wa Kasansa. Mama Dorice akaagiza kila anayemaliza zamu apige picha ya mashine ya habari, si ya kamera bali nakala ya hali yake ya saa ile inayobaki ndani ya seva, ili ikiharibika turudi pale ilipokuwa. Akaongeza kwamba hapa hakifutwi kitu. Tulitii kila tulipokumbuka. Kumbe kila picha inaweka tabaka jipya juu ya diski, na mashine ikitafuta kitu inapita matabaka yote. Yalikuwa mia moja na arobaini.

"Nilisema Machi, kaka Sadalla," Yunusi akaniambia. "Mkasema hakifutwi kitu."

Kila picha ina jina la aliyeipiga. Arobaini na tatu zina langu. Zake ni mbili.

Jumatano alinakili sauti zote pembeni, akaizima mashine, akaziunganisha picha na diski yenyewe tangu asubuhi hadi alasiri. Mahojiano yale sasa yanafunguka kwa sekunde nne. Kwenye kikao nilisoma hesabu yangu, na majina. Yunusi amebaki kazini. Sasa kanuni ni kubakiza picha mbili za karibuni tu, na mama Dorice ndiye anayeidhinisha kufuta.

Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akasema yameisha. Lakini tangu siku hiyo haniiti kaka. Asubuhi ananiambia, "Shikamoo, mwandishi," anapita. Mimi simlaumu. Ila wewe ni dada yake mkubwa, anakusikiliza. Ongea naye, na usinitetee. Mweleze tu kwamba nimekuandikia yote, pamoja na zile picha zangu arobaini na tatu.

Nisalimie shemeji, Ummy, na shangazi Juliana akipita hapo. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape riziki ya halali.

Ndugu yako akupendaye,
Sadalla