Jumamosi Tuliyokula kwa Iginia

Seraing, Ubelgiji
2 Mei 1966

Ndugu yangu Emidio,

Pokea salamu nyingi. Mimi sijambo, isipokuwa kifua, na hicho ni cha kila mchimba makaa. Natumai wewe na mashine zako za kuchapa matangazo hamjambo pia.

Mtu wa Ascoli aliyekuja kuanza kazi hapa ameniambia kwamba Mama ni mgonjwa. Dada Palmira hajibu barua zangu. Kaka Nazzareno hajui kuandika, au ndivyo anavyosema. Basi nakuja mwenyewe Jumamosi tarehe 14, kwa treni ya asubuhi. Jumapili sina budi kurudi, msimamizi wa mgodi hakunipa zaidi.

Nataka kumwomba Mama msamaha kwa kutokuja kumzika Baba. Miaka mitano hajaniandikia neno. Nataka aniite mwanangu mara moja, hata kwa hasira.

Wewe umenyonya ziwa lake pamoja nami, mama yako alipokosa maziwa. Anakusikiliza. Nitangulizie neno, na unipokee stesheni.

Ndugu yako wa ziwa moja,
Settimio


Seraing
18 Mei 1966

Ndugu yangu Emidio,

Nimefika salama. Natumai nawe u mzima na tumbo limepumzika.

Asante kwa Jumamosi. Haikuwa bahati yangu kwamba Mama amepelekwa Chianciano kutibiwa ini kwa maji ya chemchemi, nami nina siku moja tu. Lakini siku yenyewe uliijaza. Kahawa uwanjani chini ya matao, tukiwatazama watu na kuwasengenya. Kisha ukanizungusha katika mji niliozaliwa kana kwamba mimi ni mgeni: minara, daraja la kale, mto Tronto ukiwa umejaa.

"Mbona hatukati hapa?" nilikuuliza.

"Huo mtaa wameuchimba, wanaweka mabomba. Twende huku."

Tukaenda huku.

Mkahawani kwa Iginia tulikaa mpaka meza nyingine zote zikaondolewa vitambaa. Zeituni zilizojazwa nyama na kukaangwa, mbavu za mwanakondoo, mvinyo mwekundu. Iginia alitoka jikoni, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akafungua mdomo.

"Iginia, mafuta yako yanaungua!" ukamkatiza.

"Yanaungua wapi, we mzee?"

"Nenda kaangalie kwanza, mama!"

Nilicheka. Kisha kengele za kanisa la mtaani kwetu zikaanza kulia, moja moja, polepole.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Fundi viatu mmoja, humjui. Ongeza jibini, bwana, umekonda kama ng'onda."

Nikaongeza.

Mama akirudi, msalimie. Niandikie atakavyosema.

Ndugu yako,
Settimio


Ascoli Piceno
30 Mei 1966

Ndugu yangu Settimio,

Salamu kutoka kwetu sote. Hatujambo. Kifua chako kinaendeleaje? Usivute sigara.

Mama amerudi na ini limetulia. Nilipomwambia jinsi ulivyozishambulia zile zeituni alicheka. "Huyo tangu utotoni ni gunia," alisema. Habari za Baba bado hataki kuzizungumza, lakini usimharakishe. Mvumilivu hula mbivu.

Ndugu yako,
Emidio


Seraing
9 Juni 1966

Ndugu yangu Emidio,

Hujambo? Mimi ni mzima, na barua yako imenifurahisha kupita kiasi. Nimeisoma mpaka imelegea mikunjo.

Naomba unisaidie zaidi. Mama analala wapi sasa, ngazi hazimsumbui? Anapata usingizi? Na je, Mama hunitaja kwa jina, au husema "huyo" tu? Nijibu yote, usiache hata moja.

Ndugu yako,
Settimio


Ascoli Piceno
21 Juni 1966

Ndugu yangu Settimio,

Salamu. Joto limeanza, lakini afya zetu ni njema.

Mama amehamia chumba cha chini, ngazi zilimshinda. Usingizi anapata. Jana jioni alikaa mlangoni akimenya maharage mabichi. Akasema, "Settimio wangu angekuwa hapa, angeyamaliza kabla hayajafika jikoni." Umeona? Settimio wangu. Ni yeye aliyesema, si mimi.

Ndugu yako,
Emidio


Seraing
2 Julai 1966

Emidio,

Salamu. Afya sikuulizi.

Mama amemenya maharage vizuri sana kwa mtu aliyezikwa tarehe 14 Mei.

Siku ile treni iliwahi. Nilipokuwa nakungoja nilisoma ubao wa stesheni. Tangazo la msiba wa Mama, ukingo mweusi, wino bado unang'aa. Kazi ya mkono wako naijua. Mazishi saa tisa alasiri. "Wanaomlilia ni wanawe Palmira, Nazzareno na Emidio." Nilisoma tena, labda nimeruka mstari. Mjini kwetu hata mtoto aliye gerezani huandikwa. Mahali pangu palikuwa pako.

Kisha ukatokea, ukanikumbatia, ukaniambia habari za Chianciano.

Nikasema moyoni, nitamngoja. Ataniambia kwenye kahawa. Hakusema, ataniambia darajani. Ataniambia kabla ya nyama. Ungetamka neno moja tu ningekwenda kanisani nikasimama hata nyuma ya mlango. Kengele zilipolia nilikutazama machoni na kukuuliza kwa makusudi. Ukanipa jibini. Tangu hapo nimekuandikia ili nione utafika wapi, nawe umechimba kuliko mimi ninayelipwa kwa kuchimba.

Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mimi nilidhani wewe ni wote wawili.

Nani aliondoa jina langu? Palmira? Nijibu hilo peke yake.

Settimio, mwana wa Elvira


Ascoli Piceno
15 Julai 1966

Settimio,

Mimi sijambo. Natumai nawe hivyo hivyo, kifua kikiruhusu.

Ubao wa stesheni ni kosa langu. Mitaa yote tuliyopita nilikuwa nimekwisha kubandua matangazo alfajiri. Lakini tangazo la kwanza la kila maiti hupelekwa stesheni, kwa ajili ya ndugu wanaotoka nje. Mkono umezoea. Mkono ulibandika, nami sikukumbuka.

Palmira hakuondoa jina. Mama mwenyewe aliniita kabla hajafa, akaniambia nije na penseli. Alitaja majina, nikaandika. Nikamwuliza, "Na Settimio, Mama?" Akasema, "Huyo alipofiwa na baba yake alituma simu ya maandishi. Mtoto hutuma bega." Nikamwambia uko njiani. Akasema, "Basi mkalishe mbali. Asiguse jeneza langu. Mlishe tu, njaa yake naijua." Sikuongeza wala kupunguza. Maharage ndiyo niliyotunga, ili uwe na kitu.

Ila usinitwike yote. Mimi nilikudanganya kwa amri ya mama aliyeninyonyesha, na kwa sababu hiyo nami sikumzika. Bega langu nalo lilikuwa kwa Iginia. Lakini wewe ulijua tangu asubuhi. Kanisa lilikuwa nyuma ya mkahawa wa Iginia. Hakuna aliyekufunga kitini. Nilikupa jibini, nawe ukala.

Mara ya kwanza, kwa Baba, ulizuiwa na msimamizi wa mgodi. Mara ya pili ulizuiwa na nani?

Ndugu yako,
Emidio


Ascoli Piceno
4 Novemba 1966

Settimio,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Hukunijibu, nami sikutarajia. Nakuandikia kwa kuwa ulituma kitu, na ni haki yako kujua kilivyopokelewa.

Juzi, Siku ya Marehemu, mji mzima ulikuwa makaburini. Muuza maua alikuwa amekwisha kuliweka shada lako la krisanthemu, kubwa kuliko yote ya safu ile, lenye utepe wa zambarau na herufi za dhahabu: "Mwanao Settimio." Watu walisimama wakasoma.

"Limependeza," alisema Nazzareno.

"Wewe nawe kila kitu kinakupendeza," Palmira alimjibu.

Akapiga magoti, akajaribu kuufungua utepe kwa vidole. Ulikuwa umekazwa kwa waya. Alipoweza kuutoa aliukunja vizuri, akautia kwenye pipa pamoja na maua makavu ya makaburi ya jirani. Shada aliliacha pale pale. Alisema maua hayana kosa.

Kisu alichoukatia ni changu. Aliniomba, nikampa. Nilikifungua mwenyewe kwanza, asije akajikata.

Ndugu yako,
Emidio