Usiiname Ukiongea Nami

Mwanangu Saada,

Barua hii isome polepole, neno moja moja, kama mwalimu wako alivyokufundisha. Ukishindwa mahali, iweke, utairudia ukiwa mkubwa. Usimpe Bibi akusomee, maana Bibi atalia, halafu atasema ni moshi.

Nataka nikuambie kwa nini siku ile nilikujibu "ndiyo", halafu nikaondoka Muyinga bila wewe.

Unakumbuka mchezo wetu wa pazia? Ilikuwa hapa Gitega, kabla sijaugua. Mimi nafua uani, wewe unaingia nyuma ya pazia la mlango na kunong'ona, "Mama, nimepotea." Naendelea kufua, nasema kwa sauti, "Jamani, nani kamwona Saada? Basi uji wake nampa paka." Hapo kicheko kinakutoka puani, chembamba kama mluzi, nami nakifuata. Sikuwahi kukutafuta kwa macho. Siku zote nilikupata kwa sikio.

Kisha kikaja kile kikohozi. Walipopima wakasema ni kifua kikuu, na si kile cha kawaida, ni kile kigumu ambacho dawa za kila siku hazikiwezi. Wewe na baba yako mkapimwa pia, mkaonekana wazima, Alhamdulillahi. Ndipo Bibi alipokuja kukuchukua akupeleke kwake Muyinga. Ulidhani unakwenda kutembea. Uliniuliza dirishani, "Mama, mbona umefunga mdomo na kitambaa? Unaficha pipi?" Nikakuambia ndiyo, naficha pipi. Ulicheka hadi ukafika kwenye pikipiki ya taksi-moto, umebanwa katikati ya dereva na Bibi, kiatu kimoja kinataka kuanguka.

Vidonge vya kwanza vilinisumbua moyo, ukawa unapiga ovyo. Madaktari wakaviondoa wakaniweka kwenye sindano. Mwuguzi, mama mmoja mkali lakini wa haki, aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Sikia, mama. Sindano hii inaweza kugusa masikio. Yakianza kupiga kelele, useme siku hiyo hiyo. Usiniletee ushujaa hapa."

Unajua jinsi Bibi yako anavyokaanga sambusa. Hatazami mafuta. Anageuka anaendelea kukunja nyingine, na mafuta yenyewe ndiyo yanayomwita. Yakipiga kelele nyingi, sambusa bado ina maji ndani. Kelele ikishuka, imeiva, itoe. Nami nilikulia hivyo, nikikaanga nimeyapa mafuta mgongo.

Basi asubuhi moja nimekaa mkekani nachambua maharage, nikasikia mafuta yanachemka. Nikainuka haraka nikapunguze makaa. Jiko letu la mbabula lilikuwa baridi, hata kiberiti sijawasha. Nikatoka uani nikadhani ni kwa jirani. Jirani hakuwepo. Nikaziba masikio kwa viganja, na mafuta yakazidi kuchemka, humo ndani ya kichwa changu.

Saada, mama yako ameogopa vitu vingi, lakini woga wa namna ile sikuwa naujua. Nilikaa pale pale kwenye udongo.

Baba yako alipotoka kwenye cherehani yake sokoni, nilimwambia. Akasema, "Vumilia, mama Saada. Pafu likiharibika unakufa. Sikio likiharibika unaishi." Hakusema kwa ubaya. Aliogopa kwamba nikisema, watasimamisha dawa, na kikohozi kitarudi kutuzika. Na mimi niliogopa hivyo hivyo. Nilikuwa katikati: nikisema, labda nife, nikinyamaza, labda nisikusikie tena.

Jioni hiyo ulipiga kwa simu ya Bibi. Niliona jina lake kwenye kioo, nikaweka simu sikioni. Baba yako anasema uliongea sana. Mimi nilisikia mafuta tu, na mbali, nyuma ya mafuta, kitu kama kuku anayetembea kwenye majani makavu. Hicho ndicho kilichokuwa sauti yako. Nikahamishia sikio la pili. Kuku yule yule. Baba yako akachukua simu, akasikiliza, akanigeukia. "Anauliza mbona hujibu."

Kesho yake nilimwambia mwuguzi. Baba yako alikuja nami, hakubisha tena.

Walinipima. Walinivalisha vitu vya kufunika masikio, wakanipa kitufe, wakasema kila nikisikia mlio nibonyeze. Mwuguzi alikuwa mbele yangu anagusagusa mashine. Nilikaa wima kama mtoto wa shule, kidole tayari. Nilingoja. Nikamwambia, "Mi niko tayari, unaweza kuanza." Akanivua vile vitu taratibu. Kumbe alikuwa ameanza zamani. Milio ya chini niliisikia baadaye, ile mizito. Ile ya juu, myembamba, ilikuwa imepita yote mbele yangu na mimi natabasamu.

Nikamwuliza, "Sauti ya mtoto iko upande gani?" Akajua ninauliza nini. Akanishika bega, akasema, "Iko juu, mama. Iko upande wa juu."

Wale madaktari walikaa pamoja, wakaondoa sindano, wakatafuta vidonge vingine. Kikohozi hakikurudi. Basi kuhusu hilo usiogope, mapafu yanapona. Lakini daktari alisema ukweli, na mimi nakuambia ukweli: kilichoondoka hawezi kuahidi kwamba kitarudi, na sindano, hata ikishasimama, inaweza kuendelea kuchukua kidogo. Hajui itachukua kiasi gani. Hakuna anayejua. Kila asubuhi nikiamka nagonga kijiko kwenye kikombe kabla sijafungua macho vizuri. Nasikiliza kama mlio wake bado upo.

Hapa nyumbani tumekuwa kichekesho. Baba yako sasa anaongea nami kama mtu anayeita mbuzi mlimani. Jirani alinijia uso umekunjamana, akanisemea karibu kabisa: "Yoo, dada, mume wako anakutukana kila asubuhi?" Nikamwambia hapana, ananiuliza kama chai ina sukari. Alicheka akajishika kiuno. Nilimwona anavyocheka. Nami nikacheka.

Sasa turudi siku ile ya Muyinga.

Waliponiruhusu kukaa karibu na watu, nilipanda basi asubuhi. Njia nzima nilikuwa nafikiri utanirukia. Hukuruka. Ulitoka ndani umevaa mtandio wa kijani, ukasimama mbele yangu mikono imekutana, macho chini, ukasema na vidole vyako vya miguu. Bibi alikuwa nyuma yako, anang'aa kama sinia jipya. "Ona mutoto yako sasa," alisema, na yeye namsikia kwa kuwa sauti yake ni nzito. "Amekuwa muntu. Hapandishi sauti, hamkodolei mukubwa macho."

Na ni kweli, ndivyo nilivyolelewa mimi, na ndivyo nilivyokulea. Nilikufinya mara ngapi kwa kunitazama usoni ninapokukanya? Mtoto wa watu mwenye adabu anainama na kuongea chini. Nilijua kwamba jambo la kwanza ni "shikamoo", nikajibu "marahaba" bila kuisikia. Kisha midomo yako ikachezacheza tena, mimi naona utosi tu na mtandio. Nikadhani unaniuliza kama nimepona. Nani asingeuliza hivyo? Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo kabisa."

Ukakimbilia ndani. Nikafurahi. Nikamwambia Bibi, "Ona alivyofurahi kwamba nimepona."

Bibi akanitazama kama mtu aliyepotea. Ukarudi na nguo zako zimefungwa kwenye kitenge, kandambili zako juu, kikombe chako cha bati kinaning'inia. Bibi akaniinamia sikioni: "Amekuuliza kama munaenda naye leo."

Dawa zilikuwa bado, daktari alitaka nipate nguvu kwanza. Sikuweza kukuchukua. Nilijaribu kukueleza na wewe ulikuwa unalia umeinama, unalia kwa adabu, bila sauti, au labda kwa sauti, sijui. Hilo ndilo linaloniamsha hadi leo: kwamba sijui kama ulilia kwa sauti.

Nilikuinua kidevu. Nikasema, "Niangalie. Niangalie usoni, useme kwa nguvu." Uligeuka kumtazama Bibi. Bibi akapiga makofi: "Weee! Utaniharibia mutoto!" Nikamwambia, "Mama, mwache aharibike. Akiendelea hivi ntampoteza nikiwa nimemshika mkono."

Akashusha mikono. Ukavuta pumzi, ukajifuta kamasi kwa mtandio mpya, ukanitolea macho yote mawili, ukapiga kelele hadi kuku wakatimka:

"MAMA UNANUKA DAWA! NA UMENIDANGANYA!"

Nilisikia, Saada. Si kila herufi, lakini macho yako na mdomo wako vilijaza zilizobaki. Ni maneno ya kwanza uliyonipa baada ya miezi ile yote, na sitayatoa kwa chochote.

Sikukudanganya. Sikukusikia. Sasa unajua.

Basi shika maagizo yangu, na haya si ya kubishana. Mbele ya wazee wengine inama kama Bibi anavyotaka. Ukija kwangu, inua uso. Usiniite ukiwa nyuma yangu. Zunguka uje mbele, au nivute nguo. Usiseme ukiwa na andazi mdomoni. Nikikuuliza "eti?", usichoke ukasema "basi, acha". Rudia. Hata mara kumi, rudia. Nikijibu kitu ambacho hakifanani na swali lako, nicheke kwanza, kisha uniulize tena.

Bibi amekubali. Amesema, "Lakini kwako tu." Haya, kwangu tu.

Ninaogopa, mwanangu, sitakuficha. Mafuta yanachemka hata sasa ninapoandika, hayashuki, hayaivi. Naogopa siku kijiko kitakapogonga kikombe kimya kimya. Lakini daktari ameshasema safari ijayo naweza kurudi nawe. Nikishuka pale kituoni kutakuwa na makelele ya watu na honi, yote yatakuwa uji mmoja kichwani mwangu. Usisubiri nikusikie. Kimbia uje mbele yangu, uniite. Hata nisiposikia, nitaliona jina langu mdomoni mwako.

Na pazia la mlango bado lipo, nimelifua. Tutacheza. Ila safari hii usijifiche vizuri sana. Acha vidole vya miguu vitokeze chini, ili nikupate.

Ni mimi,
mama yako, ninayekungoja kwa macho