Besi ya Mzee Meshaki Iliyoko Kinyala

Kinyala, Tukuyu
16 Juni 1973

Kwa ndugu yangu Husseni,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Hadijah na watoto, na kwamba koo lililokuwa likikusumbua nilipoondoka limepata nafuu, maana bendi yetu bila sauti yako ni vyombo vitupu. Mimi sijambo, ila baridi ya huku nilikuwa nimeisahau. Ukungu hauondoki mpaka asubuhi imekwisha, na lile koti ulilonicheka nalo ndilo linaloniokoa. Pale Tukuyu mjini wote hawajambo. Mama yako nilimkuta dukani anapima chumvi. Aliniuliza kwa nini nimekuja mimi na si wewe. Nikamwambia kazi zimekubana. Akaguna, akaendelea kupima.

Najua unachosubiri kusikia. Nakuomba usiruke mistari kutafuta jibu, kwa sababu ukilipata peke yake utanikasirikia, na ukisoma yote huenda usinikasirikie sana.

Lori la kiwanda cha chai lilinishusha Kinyala pamoja na mizigo yote miwili uliyonikabidhi, yaani lile gitaa jipya la besi la Kijapani na amplifaya ya betri. Nilipokewa na Lutengano, mtoto wa kaka yake marehemu Mzee Meshaki. Ndiye anayeongoza bendi ya kijiji. Wanapiga kwenye mikutano ya chama, sikukuu, na siku za kufungua shamba la pamoja la chai. Ni kijana mchangamfu, mikono yake imepasuka kwa jembe. Alinieleza njiani kwamba wana magitaa ya kawaida na ngoma, lakini hawana chombo cha kukuza sauti, kwa hiyo uwanjani watu wa mbele ndio wanaosikia na wa nyuma wanacheza kwa kuwatazama wenzao. Alikuwa anaitazama ile amplifaya begani kwangu kama mtu anayetazama mvua ikija.

Nyumbani kwa marehemu nilipokewa na mjane wake, Mama Atupokile. Alinikumbuka. Alisema mimi ndiye yule kijana wa Dar es Salaam niliyekuwa nikila sana na kuongea kidogo. Alinipa mbalaga, zile ndizi zao zilizopikwa na maharage, na maziwa ya mgando juu yake, na hakukubali tuzungumze habari ya gitaa la besi la marehemu mpaka nimemaliza sahani ya pili.

Kisha likaletwa, limefungwa kwenye shuka.

Husseni, nilipolifunua nilisikitika. Nilidhani tumedanganywa. Wewe na mimi tunalikumbuka gitaa la mwalimu wetu Mzee Meshaki: rangi ya asali katikati, ikiingia weusi taratibu pembezoni, linang'aa utadhani limetoka kuoshwa. Tunakumbuka alivyokuwa akitutuma kunawa mikono kabla hatujaligusa, na alivyokuwa akilifuta mwenyewe kila wimbo ulipokwisha. Hili nililopewa lilikuwa la kijani kama mlango wa ofisi. Pembe ile ndefu ya juu ilikuwa imekatwa kwa msumeno. Vifundo vya sauti vilikuwa vimehamishwa na matundu yake ya zamani yamezibwa kwa vipande vya mbao. Nyuzi zilikuwa zimegeuzwa, nene zimekaa mahali pa nyembamba. Shingo ilikuwa imekwanguliwa hadi kwenye mti mtupu, nyembamba kuliko shingo yoyote niliyowahi kushika. Na upande mmoja wa mwili, mahali ambapo mkono wa mpigaji hupita, palikuwa pamechongwa bonde refu, likawekwa ngozi laini ya mbuzi. Sikuelewa bonde hilo ni la nini.

Nilikaribia kulifunga na kuomba radhi. Lakini nilikumbuka ulivyonisisitizia kwamba nisiamini macho, nifungue. Nikaazima bisibisi kwa Lutengano, nikakaa nalo barazani penye mwanga.

Nilianza na kichwa. Chini ya rangi ya kijani nilipapasa kwa kidole nikagusa kishimo. Nikakwangua polepole kwa ukucha. Ilikuwa ile alama ya sigara aliyoisahau ikiwaka usiku wa Uhuru, alipoichomeka kichwani pa gitaa ili mikono iwe huru, wimbo ukamnogea. Nikafungua skrubu za nyuma, nikaitoa shingo. Kwenye kitako chake, mahali ambapo rangi haikufika, palikuwa na tarehe ya kiwandani kwa penseli, ya mwaka ule ule aliokuwa akitutajia, na ndani ya tundu la mwili rangi ya asali ilikuwa bado iko vilevile. Nikafungua na sehemu ya sumaku, ile inayonasa sauti ya nyuzi. Waya ulikuwa umesukwa upya kwa mkono, waya wa shaba wa mota iliyoungua, lakini sumaku zenyewe ni zile zile za Kimarekani. Naapa, ukinitaka niape, kwamba hili ndilo. Ni la kweli, na ukiondoa rangi, karibu kila kilichotoka kiwandani bado kimo, isipokuwa pembe moja.

Sasa thamani. Ningekuwa mnunuzi wa vitu vya zamani ningesema imekwisha. Pembe hairudi, na shingo iliyokwanguliwa hainenepi. Hiyo ndiyo hukumu yangu kama mtunza vyombo wa bendi, na nilikuwa tayari kuisema, kabla sijamwona anayelipiga.

Humjui Sekela, binti wa Mzee Meshaki. Sisi tulipokuwa Dar es Salaam tunajifunza, yeye alikuwa mtoto mdogo huku kwa bibi yake, kijijini Lufingo, na mwalimu hakupenda kumzungumzia. Alipata ugonjwa wa kupooza utotoni. Mkono wake wa kushoto haukukua kama wa kulia. Vidole vinne vimelala, kinachofanya kazi ni kidole gumba. Sasa ni msichana mkubwa, anachuma chai kwa mkono mmoja na nimeambiwa haachwi nyuma. Alikuja kutoka shambani, akanisalimia kwa heshima, akaniomba niirudishe shingo mahali pake ili anionyeshe kama besi bado ina sauti.

Nikairudisha. Alilivaa kwa upande usio wetu, mkono mzima kwenye shingo, na ule mgonjwa akaulaza ndani ya lile bonde la ngozi. Ukaingia ukatulia. Nikaelewa kila msumeno ulipopita na kwa nini. Pembe ilikatwa ili mkono wa kulia ufike noti za juu. Vifundo vilihamishwa visimkwaruze. Shingo ilikwanguliwa ili kiganja kidogo kiizunguke. Na lile bonde ni kitanda cha mkono usioweza kujishikilia wenyewe, ili gumba liwe na pa kufanyia kazi.

Lutengano akaunganisha amplifaya yetu. Sekela akapiga.

Sitaweza kukueleza vizuri. Unajua namna mwalimu alivyokuwa akiacha nafasi, alivyokuwa akikunyima ile noti unayoitegemea na kukupa baadaye kidogo, mpaka miguu inaitafuta? Anayo hiyo. Lakini ana kitu kingine ambacho mwalimu hakuwa nacho. Gumba moja haliwezi kukimbia, kwa hiyo hapigi nyingi, na kila anayoipiga ina uzito wake. Majirani walikuja wakasimama uani. Mimi niliyezunguka na bendi nchi hii yote nilijikuta nimekaa chini kwenye mkeka.

Baada ya hapo tukazungumza mabadilishano. Nilieleza kama ulivyoniagiza: amplifaya na gitaa jipya vibaki, la zamani liende Dar es Salaam. Lutengano hakuficha kwamba anakubali. Mama Atupokile alisema neno ni la Sekela. Nami nilimweleza Sekela ukweli wote, kwamba gitaa ni halisi, kwamba vyombo vya namna hiyo siku hizi haviingii nchini, na kwamba lile la Kijapani lingehitaji kukatwa upya ndipo alishike, na pengine lisikubali.

Alifikiri kidogo tu. Akasema, "Lichukue, kaka Jaffari. Bendi ni ya kijiji kizima, mimi ni mtu mmoja. Watu wa nyuma nao wasikie."

Alilifunga mwenyewe kwenye shuka, akanikabidhi, akarudi shambani. Nami nililipokea, Husseni. Nisingependa ufikiri kwamba nilikataa papo hapo kwa wema. Nililipokea, nikalala nalo kando ya kitanda, nikiwaza utakavyofurahi.

Asubuhi nilikwenda kumuaga Mama Atupokile jikoni. Nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, ni fundi gani aliyefanya kazi ile, nikidhani ni seremala wa misheni. Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Fundi gani, mwanangu? Ni mwenyewe."

Akanieleza kwamba Mzee Meshaki aliporudi nyumbani na kifua chake kibovu, alimkuta Sekela anajificha wenzake wanapocheza. Siku moja akamwona ameliegemea gitaa ukutani, anagonga nyuzi kwa gumba lile moja. Kesho yake aliazima msumeno. Mama anasema alipokuwa akikata ile pembe aligeuza uso pembeni, kama mtu anayechinja ng'ombe wake wa maziwa. Rangi ya kijani aliipaka kuficha majeraha.

Kisha akamwita Mama Atupokile kutoka mgombani, akamwambia anyooshe mkono. Akaulaza juu ya gitaa, akauzungushia mkaa, akachora. Mama alimuuliza kwa nini asipime mkono wa mtoto mwenyewe. Akamjibu, "Huo utakua. Mimi sitakuwepo kuuchongea mwingine."

Sekela alikuwa msichana mdogo wakati huo. Miaka yote alipiga mkono wake ukielea ndani ya lile bonde, anaweka matambara pembeni. Mama anasema matambara ya mwisho waliyatoa mwaka jana tu.

Husseni, yule mtu aliyetutuma kunawa mikono ndiye aliyelikata. Tulikuwa tukisema, wewe na mimi, kwamba alilipenda gitaa lile kuliko watu. Tulikosea.

Nikatoka na gitaa hadi shambani. Nilimkuta Sekela kwenye mistari ya chai na kikapu mgongoni, nikamrudishia. Alikataa, akasema makubaliano ni makubaliano. Nikamwambia kwamba mimi mkaguzi nimemaliza ukaguzi wangu, na nimeona chombo hiki hakiwezi kupigwa na mtu mwingine yeyote, kwa hiyo kwa bendi yetu hakifai. Hakucheka wala hakulia. Alijifuta mkono kwenye kanga, akalipokea, akasema, "Ndaga." Kwa Kinyakyusa ni asante.

Sasa nakuungamia lililobaki. Amplifaya nimeiacha Kinyala. Hakuna aliyeniomba, hata Lutengano alinikumbusha mara mbili kwamba ni mali ya bendi yetu. Nimeiacha kwa uamuzi wangu, na lile gitaa langu mwenyewe lililoko ofisini sasa ni mali ya bendi badala yake. Mimi nitapiga la Kijapani, ambalo narudi nalo. Ukiona nimekosa, sema nami uso kwa uso, nitakusikiliza.

Jumapili wanapiga uwanjani Nkunga, na nimebaki ili nisimame nyuma kabisa nisikilize. Nitapanda gari Jumatatu.

Nisalimie wanabendi wote, na shemeji Hadijah mwambie majani ya chai aliyoniagiza nimeyapata. Mama Atupokile anakusalimu, anauliza kama umeshaacha kuimba ukiwa umefumba macho. Sekela naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Anasema ukipata nafasi uje na sauti yako, besi ipo.

Ni mimi ndugu yako,
Jaffari